Uwanja wa klova Zanzibar: fikra ni nzuri, mmea sio wenyewe

Picha za nyumba za Uingereza na Marekani zilizong'oa majani na kupanda klova nyeupe zimeenea sana mtandaoni. Zulia la kijani, maua meupe, nyuki, mashine ya kukatia majani imewekwa stoo. Mwenye uwanja wake Fuoni au Chake Chake akiziona, swali la kwanza ni mbegu zinapatikana wapi. Swali linalotakiwa kutangulia ni jengine: mmea gani utafanya kazi ya klova katika joto letu na udongo wetu?

Klova nyeupe, Trifolium repens, ni mmea wa jamii ya kunde. Kwenye mizizi yake kuna vinundu wanamoishi bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuugeuza mmea ujitegemee kwa mbolea. Ni mfupi, kwa hiyo haudai kukatwa kila wiki. Hizo ndizo sifa mbili zinazotafutwa. Lakini ni mmea wa nchi za baridi. Hukua vyema kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25, na likipita 30 unadumaa. Kwetu, tangu Disemba mpaka Machi mchana unapita hapo siku baada ya siku, na usiku nao haupoi kiasi cha kuupumzisha. Ukipandwa wakati wa kipupwe unaota vizuri mno, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Unaonekana umeshika, kisha kaskazi inauondoa vipande vipande, na kila palipobaki wazi magugu yanaingia. Nyanda za juu kama Limuru unastawi, na Kenya ina klova yake ya asili, Trifolium semipilosum, lakini hiyo pia ni ya milimani. Pesa ya mbegu za klova kwa Unguja na Pemba ni pesa iliyopotea.

Mmea unaofaa ni jamaa wa njugu nyasa, Arachis pintoi. Asili yake Brazil, katika joto na mvua zinazofanana na zetu, na kwenye nchi nyingi za joto hupandwa chini ya migomba, mikahawa na minazi kufunika ardhi. Hapa nitauita njugu ya maua. Una majani manne manne kwenye kikonyo kimoja, maua ya manjano yanayofunguka asubuhi, na mashina yanayotambaa yakishika mizizi kila fundo linapogusa udongo. Urefu wake juani ni kama sentimeta 10 hadi 20, na kivulini unajinyoosha zaidi. Huvumilia kivuli cha minazi vizuri kuliko ukoka, ila maua hupungua. Uko na jamaa yake mfupi zaidi, Arachis repens, unaotunzwa kwa njia hiyo hiyo. Ukiuziwa mmoja kwa jina la mwengine hujapata hasara.

Siki kwanza, jembe baadaye

Kabla ya kununua hata mche mmoja, pima udongo kwa siki. Chimba vishimo vitano uwanjani, kina cha kiganja, kimoja karibu na ukuta wa nyumba na kimoja karibu na lango. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja kila kishimo, weka kwenye sahani, tia siki. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa. Ukinyamaza, endelea.

Njugu ya maua inapenda udongo wenye uchachu kidogo mpaka wa wastani, na kwenye chokaa hushindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yamo tele. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, na mmea hautambai. Kwa hiyo udongo wa kinongo na mchanga wa upande wa magharibi wa Unguja, kama Dole, Kizimbani na Mwera, unafaa, na vile vile sehemu kubwa ya vilima vya Pemba kutoka Mkoani hadi Wete. Maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, ya Paje, Jambiani, Makunduchi na Micheweni hayafai.

Kosa ambalo watu hawalitarajii liko mjini. Udongo wa asili unaweza kuwa kinongo safi, lakini uwanja umejazwa kifusi cha mawe ya matumbawe, na pembezoni mwa kuta pamemwagika saruji na chokaa wakati wa ujenzi. Ndiyo maana nasisitiza vishimo vitano. Ukuta mmoja ukitoa povu na kwengine kote kukiwa kimya, ondoa udongo wa ule ukanda kwa upana wa meta moja na kina cha shubiri moja na nusu, ujaze udongo wa shamba. Uwanja mzima ukitoa povu, usijaribu kuubadilisha. Hakuna kiasi cha samadi kitakachoishinda chokaa ya matumbawe, na dawa ya chuma ya kunyunyizia majani italazimu kurudiwa maisha yote ya bustani.

Kwa viwanja hivyo vya chokaa kuna njia mbili. Ya kwanza ni Desmodium triflorum, mmea mdogo ambao mara nyingi umo tayari ndani ya majani yako bila kupandwa na mtu. Una majani matatu matatu madogo yenye bonde nchani, vimaua vya zambarau hafifu, na maganda membamba yanayonata kwenye nguo. Kwa sura ndio unaofanana na klova kuliko mimea yote niliyoitaja, na ni wa jamii ya kunde kweli. Usiuchanganye na ule wenye majani matatu yenye umbo la moyo, maua ya manjano na ladha ya ukwaju ukiutafuna. Huo ni Oxalis, hauna vinundu vya nitrojeni. Desmodium huu haufikii urefu wa kidole, unavumilia kukanyagwa na kukatwa chini. Udhaifu wake ni kwamba zulia lake ni jembamba, jua linapenya mpaka kwenye udongo, hivyo kupalilia hakuishi haraka. Bandua vipande vya kiganja kimoja pamoja na udongo wake, vipandwe kila sentimeta 30, wakati wa masika.

Ya pili ni Phyla nodiflora, inayotambaa yenyewe sehemu za pwani zenye unyevu. Huvumilia chumvi, chokaa na ukame, na nyuki wanaipenda. Si jamii ya kunde, kwa hiyo hailishi udongo. Kwa kiwanja kinachopigwa na upepo wa bahari, au kinachomwagiliwa kwa maji ya kisima yenye munyu, ningechagua hiyo bila kusita, kwani njugu ya maua haiwezi chumvi.

Jua ukoka wako

Kazi yote ya miezi ya mwanzo inategemea ni ukoka gani unaoung'oa. Uko ule wa majani mapana yenye ncha butu na shina nene bapa linalotambaa juu ya ardhi, Stenotaphrum dimidiatum, ambao kwa Kiingereza umepewa jina la Pemba. Huo hauna mashina ya chini ya udongo. Unaubandua kwa sepetu kama mkeka, kina cha sentimeta 4 au 5, na kazi imekwisha siku hiyo hiyo. Usiutupe, ni mzuri wa kushikia kingo za mitaro.

Uko mwengine, mwembamba, Cynodon dactylon. Huo unatambaa juu na chini. Chini kuna mashina meupe yenye ncha kali, mengi yamo ndani ya sentimeta 15 za juu na mengine yanakwenda zaidi, na kipande chenye fundo moja kinatosha kuuanza upya. Kuulima kwa jembe la kawaida ni kuuzidisha, maana kila pigo linakata shina moja kuwa mawili. Tumia jembe la uma: inua udongo, kung'uta, toa mashina mazima mazima. Halafu acha udongo wazi juani wiki mbili, rudia. Anza mwanzo wa Januari ili jua la kaskazi likusaidie.

Ndago ni taabu kuliko ukoka. Chini kuna vinundu vigumu vyeusi vilivyofungana kama tasbihi, na ukivuta majani, uzi unakatika na kinundu kinabaki. Ukavu ndio unaoviua: vikichimbuliwa na kuachwa juani juu ya udongo mkavu wiki mbili tatu bila tone la maji, vingi hufa. Vilivyobaki chini vitachipua mvua ya kwanza, navyo viondolewe kila baada ya siku kumi mpaka viishe akiba. Kama uwanja umejaa ndago kila mahali, ongeza msimu mmoja wa kusafisha kabla ya kupanda. Ndago ndani ya njugu ya maua haitoki kwa urahisi, kwa sababu huwezi kuchimba bila kukata mashina yanayotambaa.

Kuna njia ya nailoni kwa wenye uwanja wa jua tupu. Sawazisha udongo, mwagilia mpaka unyevu ufike shubiri moja chini, tandaza nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, ivute igusane na udongo, fukia kingo zote. Iache wiki sita, katikati ya Januari mpaka mwisho wa Februari. Nailoni nyeusi haifanyi kazi hii sawasawa. Inanyima mwanga lakini haipashi udongo joto lile lile. Chini ya mwembe njia hii haina maana. Mbegu za magugu na ukoka wa juu hufa, ndago huitoboa nailoni na kuendelea.

Hesabu ya uwanja wa meta 10 kwa 10

Mbegu za njugu ya maua hukaa chini ya udongo kama za njugu yoyote, ni kazi kuzichimba, na kwa hiyo ni ghali na hazipatikani ovyo. Panda pingili, yaani vipande vya shina vyenye vifundo. Nafasi ya sentimeta 25 kila upande, yaani shubiri moja na kidole, ni pingili 16 kwa meta moja ya mraba, 1,600 kwa uwanja wote. Ongeza 150 za kuzibia zitakazokufa. Ukipanda kwa sentimeta 30 utahitaji kama 1,100, lakini zulia litachelewa kufungana na utapalilia wiki nyingi zaidi. Kwenye miteremko ya Pemba nenda sentimeta 20, pingili 25 kwa meta, mistari ikate mteremko, kwani mvua ya masika haisubiri mizizi.

Kununua miche 1,750 ni gharama isiyo na lazima. Nunua michache, anzisha kitalu wakati wa vuli, Oktoba au Novemba, karibu na bomba la maji na penye kivuli cha nusu siku. Kitalu cha meta 12 za mraba kwa nafasi ya sentimeta 20 kinachukua pingili 300. Kikimwagiliwa kaskazi nzima kitakuwa kimefungana ifikapo masika. Makadirio yangu ya tahadhari ni kwamba meta moja ya zulia lililokomaa inapanda meta nane hadi kumi. Kwa njia hii kitalu kinakua wakati ule ule jua linapokausha ukoka upande wa pili.

Samadi iliyooza vizuri, kilo 2 kwa meta, ni kilo 200, kama mapolo saba au manane. Mbolea ya fosforasi, TSP, kilo 1 kwa uwanja mzima, ichanganywe na udongo wa juu. Mimea ya kunde ina njaa ya fosforasi. Usitie urea. Nitrojeni nyingi inaulevya mmea usiunde vinundu, na wanaonufaika ni magugu. Majivu ya jikoni nayo yaache, yanapandisha ule ule ukali wa chokaa tunaoukimbia.

Kupanda

Subiri mvua za masika zishike, siyo manyunyu ya mwanzo. Udongo uwe na unyevu kina cha shubiri. Masika ina faida vuli isizokuwa nazo: baada yake huja kipupwe chenye umande, na mchoo hunyesha kidogo kidogo, hivyo mizizi inapata miezi minne au mitano kabla ya jua kali. Pingili ya vuli inakutana na kaskazi ikiwa na wiki nane tu.

Kata pingili asubuhi, urefu wa sentimeta 15 hadi 20, vifundo visivyopungua vinne, kutoka mashina yaliyokomaa. Ncha laini zinasinyaa. Zifunge kwenye gunia lililolowa na zipandwe siku hiyo hiyo. Chimba mfereji wa sentimeta 6, laza pingili kwa mshazari, fukia theluthi mbili, acha majani mawili matatu nje, kanyaga kwa kisigino udongo ushikamane. Nafasi ya hewa chini ya pingili inaua kuliko ukame.

Wengi hapa husahau bakteria. Njugu ya maua hutumia bakteria wa kundi moja na wale wa njugu nyasa, ambao huenda hawamo kwenye uwanja uliokaa na ukoka miaka mingi au uliojazwa udongo wa kuletwa. Chukua ndoo mbili za udongo kutoka shamba ambalo njugu nyasa zimevunwa karibuni zikiwa na afya, na utie konzi moja kila mfereji pale unapoweka pingili. Udongo huo usikae juani; ufunike mpaka utumike.

Tandaza usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) juu, unene wa sentimeta 1 tu. Zaidi ya hapo mashina yanatambaa juu ya usumba bila kugusa udongo, na hayashiki mizizi. Ikiwa usumba umetokana na makumbi yaliyofukiwa pwani kwa kazi ya kamba, uoshe kwa maji yasiyo na chumvi au uache mvuani wiki kadhaa, kwani una chumvi. Mvua ikikatika, ndoo ya lita 20 inatosha meta nne, kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, kisha siku moja baada ya moja mpaka mwezi utimie.

Kuku ni adui wa kwanza. Wanapekua usumba na kutoa pingili zisizoshika. Laza wavu wa kuku chini kabisa juu ya udongo, uuchomeke kwa vijiti. Mmea utapita ndani yake, na unaweza kuutoa baada ya wiki nane kabla haujazama. Mbuzi na ng'ombe wanaupenda kwa sababu ni malisho bora, kwa hiyo uzio hauna mbadala miezi mitatu ya mwanzo. Konokono hula machipukizi usiku wa mvua. Waokotwe kwa tochi.

Kusoma rangi ya majani

Wiki ya sita mpaka ya nane, ng'oa mche mmoja taratibu, osha mizizi, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kazi inafanyika. Kukiwa cheupe au kijani, bakteria hawafanyi kazi. Vinundu vikikosekana kabisa, hawakufika. Katika hali hizo majani ya zamani ndiyo yanayofifia kwanza, yote kwa pamoja, na dawa ni kurudia udongo wa shamba la njugu siku ya mvua.

Manjano kwenye majani machanga yenye mishipa ya kijani ni chokaa, kama nilivyoeleza. Manjano ya vidoti vidoti wakati wa kaskazi, na utando mwembamba chini ya jani, ni utitiri, hasa kando ya barabara za vumbi. Piga maji kwa nguvu ya mpira kutokea chini kwenda juu, siku tatu mfululizo, asubuhi. Pingili zinazogeuka nyeusi chini katika mabonde madogo ya uwanja zimeoza kwa maji kusimama. Mmea mkubwa unahimili siku chache za maji, pingili changa haiwezi, kwa hiyo sawazisha mabonde kabla ya kupanda.

Palilia kwa mkono kila wiki mbili kwa miezi mitatu. Hakuna njia ya mkato hapa, na uwanja mwingi unaoshindwa hushindwa kwa sababu mwenyewe aliona kijani akadhani amemaliza. Angalia sana kifauongo: nacho ni jamii ya kunde, kinaingia penye uwazi, na miiba yake haifai miguu ya watoto. King'oe kikiwa na majani manne matano.

Kwa nafasi ya sentimeta 25, zulia hufungana kati ya mwezi wa nne na wa sita tangu kupanda. Baada ya hapo kata mara tatu au nne kwa mwaka, kimo cha sentimeta 8, na yaliyokatwa apewe mbuzi. Kaskazi kali ikija bila maji, mmea utapukutisha majani na kuonekana umekufa, usiung'oe. Mzizi uko chini na mvua za mwanzo zitaurudisha.

Kuna mahali pasipopaswa kubadilishwa. Pa kuchezea mpira pabaki na ukoka, njugu ya maua hukanyagwa kwa kiasi tu. Njia ya kila siku kutoka lango hadi baraza itengenezewe mawe bapa, kila moja sentimeta 60 kutoka katikati ya jenzake. Pemba, penye uwanja wa kuanikia karafuu, pasiguswe: majani yanayoshika umande chini ya jamvi yanapeleka unyevu kwenye karafuu. Asubuhi za maua kuna nyuki, na watoto pekupeku wanaweza kuchomwa. Sikukuu ikikaribia, kata siku mbili kabla.

Mpaka nao uwekwe mapema. Mashina yanavuka, na njugu zinazobaki chini ya udongo zinachipua miaka inayofuata. Matofali yaliyozamishwa sentimeta 15, au mfereji wa upana huo huo unaosafishwa kila miezi miwili, unatosha kumlinda jirani. Kwa nyumba zinazopakana na misitu ya Jozani au Ngezi nashauri usiupande kabisa. Huko tumia Desmodium triflorum, ambao si mgeni kwenye majani ya kwetu, na mabaki ya palizi yasitupwe ukingoni mwa msitu.